Mashine Hukumbuka Siku Thelathini

Barua ilimfikia karani dirishani, mbele ya watu. Angeweza kuitwa ofisini akapewa faragha kidogo, lakini tarishi wa hospitali ni mtu wa kutimiza wajibu: alipenya katikati ya foleni na daftari lake la kusaini kwapani, akatangaza kwamba hii inatoka kwa katibu na isainiwe sasa hivi. Foleni ikanyoosha shingo. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona, kwamba hatimaye Kobe kaandikiwa.

Kobe ndilo jina walilompachika. Alikaa dirisha la nne, la waliopoteza kadi. Kwenye madirisha mengine matatu mgonjwa hutoa kadi, karani huandika namba, na faili hutokea kufumba na kufumbua. Kwake walikuja wale ambao kadi zao zimeibwa, zimelowa au zimechanwa na watoto, na hao hutafutwa kwa jina na mwaka wa kuzaliwa. Kwa miezi miwili sasa, akishaandika jina, mashine ilikuwa ikinyamaza dakika nzima, mara nyingine zaidi. Yeye naye alinyamaza, mikono mapajani, akitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Foleni haioni skrini, inamwona mtu aliyekaa tu.

Barua ilikuwa na aya tatu. Dirisha lake huhudumia watu hamsini kwa siku na mengine watu mia mbili. Mama mjamzito alianguka kwenye foleni yake wiki iliyopita. Ajieleze kwa maandishi katika siku kumi na nne kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba, akamwambia mgonjwa aliyefuata karibu.

Mumewe alikuwa mtunza kanzidata wa hospitali hiyo hiyo, msimamizi wa mashine zenye faili za wagonjwa wote. Watu walimwita fundi, kwa kuwa cheo chake kilikuwa kirefu kuliko chumba chake, kichumba cha mwisho wa ukumbi chenye seva mbili, kiyoyozi kimoja na kiti kisicho na mgongo. Saa kumi jioni alimsubiri mkewe langoni kama kawaida, wakaenda nyumbani kwa miguu. Siku hiyo mkewe alingoja mpaka walipokaa mezani. Hapo akaitoa barua na kumsukumia.

"Hivi haiwezi kuwa ni mashine?" aliuliza.

Fundi alimjibu kama alivyokuwa akimjibu kwa miezi miwili. Mashine ni nzima. Kila Ijumaa yeye mwenyewe humpelekea katibu taarifa ya mstari mmoja, na wastani wa kujibu maswali haujawahi kuvuka sekunde moja. Seva ingekuwa mgonjwa, madirisha yote yangekohoa. Pengine, alisema kwa upole, mkewe huandika majina nusu nusu, mashine inahangaika kubahatisha. Aandike jina zima, asikatize.

Hakuwa akidanganya, aliamini hivyo kwa dhati. Na mtu wa mitambo akishaamini namba zake, mkewe hana pa kupenya.

Mama yake fundi, aliyekuwa akiishi nao tangu astaafu ualimu, alisikiliza yote kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka thelathini na sita, hakuwahi kukutana na udhaifu usiotibika kwa zoezi. Akamwambia mwanawe alete kibodi kutoka kazini, hata kama ni kibovu. Akamwambia mkwewe asilie, maana machozi hayafundishi vidole.

Kwa hiyo kuanzia siku ya pili nyumba ile ikawa darasa. Fundi alileta kibodi kilichotupwa stoo, waya wake umekatwa. Mama akafungua sanduku na kutoa madaftari yake ya zamani ya mahudhurio, akawa anasoma majina ya watoto ambao sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Karani, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, aliyapiga kwenye kibodi kisichounganishwa na kitu. Mama alisoma jina, akatua, akasema, "Herufi zote, mwanangu. Usiruke." Fundi ndiye aliyeshika simu na kupima muda.

"Sekunde tisa," alisema.

"Tena," alisema mama.

*

Jumatano ya wiki hiyo, saa ya chakula cha mchana, fundi alifungua kumbukumbu ya mashine. Aliifungua shingo upande, apate tu kumwambia mkewe kwamba ameangalia.

Kumbukumbu hiyo ni kitu cha manufaa ambacho wengi hawajui kama kipo. Kila swali ambalo mashine inaulizwa, inaliandika: limeulizwa mara ngapi, limechukua muda gani, na limepitia njia ipi kulifikia jibu. Maana mashine ina njia nyingi za kutafuta kitu kimoja. Inaweza kwenda moja kwa moja kwenye herufi inayotakiwa, kama mtu anayejua kabati lake, au inaweza kuanza na faili la kwanza na kupekua moja moja mpaka la mwisho. Kwa kawaida huchagua yenyewe. Kumbukumbu ile fundi aliiwekea siku thelathini tu kwa sababu diski ilikuwa ndogo. Kila alfajiri siku moja ya nyuma ilifutika yenyewe na mpya ikaingia.

Hakutazama wastani wa jumla safari hii. Alitafuta swali la dirisha la nne peke yake. Likaja: mara mia tatu kwa siku, maana jina la kila mgonjwa hujaribiwa kwa tahajia kadhaa, na sekunde sitini na nne kila mara. Lilikuwa limefichwa na makumi ya maelfu ya maswali ya namba, yanayojibiwa kabla hujapepesa macho; ukiyachanganya yote, wastani unatoka msafi. Taarifa yake ya kila Ijumaa ilikuwa kweli na haikuwa na maana yoyote.

Kisha akaona alama ndogo pembeni. Swali lile lilikuwa limefungwa kwenye njia moja tu. Mashine haikuwa ikichagua. Ilikuwa imeamriwa kupekua faili moja moja, iwe isiwe. Tarehe ya kufungwa ilikuwa ya miaka miwili nyuma, na mwenye ruhusa ya kufunga njia katika hospitali nzima alikuwa mtu mmoja.

Akakumbuka. Mkewe alimpigia simu kutoka dirishani saa kama hii, akalalamika kwamba majina mengine yanakuja upesi na mengine yanasuasua, na watu wanamgombeza. Wakati huo hospitali ilikuwa na wagonjwa elfu arobaini tu. Aliangalia, akaona mashine inayumba kati ya njia mbili, akaifunga kwenye ile isiyoyumba, ya kupekua moja moja. Kulikuwa na fomu ya kujaza kwa kila badiliko, yenye sahihi ya katibu, lakini katibu alikuwa anakula na mke alikuwa anagombezwa. Kazi ilimchukua dakika mbili. Fomu alijiambia ataijaza kesho, akaisahau, na jambo lenyewe akalisahau pia. Miezi miwili iliyopita zikaletwa kumbukumbu za zahanati tatu, wagonjwa wakawa laki sita, na mashine ikaendelea kutii amri, ikipekua laki sita moja moja kila mtu aliyepoteza kadi alipotaja jina lake.

Fundi alikaa akishika tama. Halafu akaifungua njia, mashine ichague tena yenyewe. Hiyo nayo ilichukua dakika mbili. Akajaribu jina moja na jibu likaja papo hapo. Fomu hakujaza. Alijiambia atamwambia mkewe jioni, na kesho yake atamweleza katibu.

Jioni mkewe alimfikia langoni anakaribia kukimbia. Alicheka kabla hajasema kitu, na fundi alikuwa hajamsikia akicheka tangu zahanati zile ziunganishwe. Majina yanatoka, alisema. Tangu mchana yanatoka kama maji. Alikuwa akiyaandika yote, herufi zote, kama alivyofundishwa, na mashine haikukwama hata mara moja. Alimshukuru mumewe kwa kumwambia asikatize. Nyumbani akamkumbatia mama, naye mama akasema anajua, si ndiyo maana alisisitiza, mazoezi hayajawahi kumwangusha.

Fundi alikuwa amelibeba neno lake njia nzima. Akalimeza. Alijiambia kwamba asingeweza kumharibia furaha mwanamke aliyekuwa amesagika vile, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na woga, na woga ndio uliokuwa ukiendesha. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, na kazi ya kanzidata huwezi kuikuta imebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Akachukua simu, akapima muda.

"Sekunde tano," alisema, na wanawake wawili wakapongezana.

*

Siku ya kumi na mbili karani aliandika barua yake ya kujieleza. Aliiandika kwa mkono kwanza, akampa mumewe airekebishe lugha, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kuandikiana na wakubwa. Alikuwa amekiri. Rafiki yake wa dirisha la pili alimshauri hivyo: ukikiri na kuonyesha umejirekebisha, unapewa onyo, mambo yanaisha. Ukibisha unawakera.

"Huenda nilikuwa mzito katika kuandika majina," barua ilisema, "lakini kwa jitihada zangu na mazoezi ya nyumbani nimejirekebisha, na sasa ninawahudumia wagonjwa kwa haraka inayotakiwa."

Fundi aliisoma mara mbili. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake, akasema kama kuna makosa asimwonee haya. Angeweza kusema hapo. Alikuwa na karatasi mkononi na mke begani, mama alikuwa amesinzia, na hakuna siku iliyokuwa nyepesi kuliko hiyo. Badala yake akachukua kalamu na kulikata neno "huenda". Barua za kiofisi hazipendi maneno ya kuyumba, alimweleza. Mkewe akaitikia kwa kichwa, akaenda kuinakili.

Kikao kilikuwa kifanyike Alhamisi iliyofuata. Katibu akasafiri, kikaahirishwa wiki mbili. Fundi aliposikia, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuhesabu, na alijichukia alipogundua anahesabu nini. Siku za uzito zilikuwa zinafutika moja moja. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, alifungua kumbukumbu kutazama ngapi zimebaki. Kumi na sita. Kumi na moja. Sita. Hakuhitaji kufuta chochote wala kumdanganya yeyote. Alihitaji kunyamaza tu, na mashine ingemaliza kazi yenyewe. Sahani alikuwa akiirudisha nusu, mama akaanza kumuuliza kama tumbo linamsumbua. Mkewe alimwambia asimhangaikie kiasi hicho, maana yeye mwenyewe sasa ana matumaini.

Alikuwa nayo kweli. Dirisha la nne lilikuwa linahudumia watu mia moja na tisini kwa siku. Hakuna aliyemwita Kobe tena.

*

Kikao kilikaa Alhamisi asubuhi, siku ya ishirini na tisa tangu njia ifunguliwe. Kwenye kumbukumbu ilikuwa imebaki Jumanne moja ya zamani na nusu ya Jumatano. Waliokuwemo ni katibu, mkuu wa masjala aliyewasimamia makarani, na karani mwenyewe aliyevaa gauni lake la harusi za watu. Fundi aliitwa kama mtaalamu, kuthibitisha hali ya mfumo. Katibu alitania kwamba hospitali ni maskini, shahidi na mshtakiwa wanakula sufuria moja. Mkuu wa masjala alicheka peke yake.

Katibu akaisoma barua kwa sauti, polepole, kila neno. Alipomaliza alivua miwani.

"Kwa hiyo ulikuwa unaweza," alisema.

Karani hakuelewa. Katibu akamgeuzia karatasi ya takwimu. Tarehe fulani watu hamsini. Siku tatu baada ya kupokea barua, watu mia moja na themanini. Mtu hajifunzi kazi kwa siku tatu, alisema katibu, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyechoka kudanganywa. Mzito tungemsaidia, tungempeleka mafunzo. Lakini huyu alikuwa na uwezo wote na akawaacha wagonjwa wasimame miezi miwili, mpaka alipotishwa. Huo si uzito, huo ni ukatili kwa watu, na mwenyewe amekiri kwa mkono wake. Hospitali haiwezi kumweka mtu wa namna hiyo.

Karani alifungua mdomo, akasema alikuwa akifanya mazoezi, kila jioni, na mama mkwe wake. Alisema mama humsomea majina. Mkuu wa masjala akatazama meza. Ilisikika vibaya hata masikioni mwa aliyekuwa akisema, na akaacha katikati, akamgeukia mumewe amsaidie, kama mtu anayemgeukia shahidi aliyeyaona yote kwa macho yake.

"Mtaalamu," alisema katibu, "tuambie tumalize. Mfumo ulikuwa na hitilafu?"

Fundi alikuwa na karatasi mbili kwenye mfuko wa shati. Alizichapa asubuhi ile bila kujua kama atazitoa. 

"Ulikuwa nayo," alisema. "Si yeye. Ni mimi."

Akaziweka mezani. Akaeleza yote kwa kifupi, njia iliyofungwa, fomu isiyojazwa, laki sita, sekunde sitini na nne. Akawaonyesha Jumanne, akawaonyesha Jumatano ilivyokatika katikati saa saba na dakika kumi, kabla yake uzito na baada yake wepesi. Karani angeandika kwa vidole kumi au kwa kimoja, alisema, ingekuwa vile vile. Katibu aliuliza nani aliifungua njia. Akasema yeye. Aliuliza kama siku hiyo alimjulisha mtu yeyote. Akasema hapana.

"Hata mkeo?"

"Hata yeye."

Katibu alizitazama zile karatasi kwa muda, kisha akaziweka juu ya barua ya kujieleza. Hakuomba radhi kwa mtu. Alimwambia karani shauri lake limefutwa, arudi dirishani, watu wanangoja. Fundi aliambiwa akabidhi funguo za chumba na maneno ya siri kwa mkuu wa masjala kabla ya saa sita, abaki nyumbani, barua yake itamfuata. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba unga wake ulikuwa umemwagika.

*

Ukumbini karani alikuwa amemngoja, kasimama kwenye ukuta, mkoba kifuani. Fundi alitaka kuanza na samahani, na kweli alianza, lakini mkewe alimwinulia mkono kama mtu anayesimamisha gari.

"Kikao kisingekuwa leo," alisema. "Kingeahirishwa tena, mpaka wiki ijayo. Hizo karatasi zingekuwepo?"

"Zisingekuwepo. Kesho ile Jumanne inafutika. Keshokutwa ile Jumatano."

"Na wewe ungesema?"

Alikuwa amejiuliza hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili. Angeweza kumjibu ndiyo, na hakuna mashine duniani ambayo ingemkanusha. Alimtazama mkewe na lile gauni lake zuri, akaona hana nguvu ya uongo mwingine hata huu mdogo.

"Sijui," alisema.

Karani alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. "Mama utamwambia wewe," alisema. "Mimi nimechoka." Akaenda kwenye dirisha lake, na kupitia mlango fundi alimsikia akisema karibu.

Jioni hakumngoja langoni, kwa sababu alikuwa hana tena ruhusa ya kukaa pale. Alikuwa nyumbani tangu mchana, na mama alikuwa ameshaambiwa. Alimweleza bila kujipaka mafuta: alichofanya, siku aliyogundua, na kwamba tangu siku hiyo alikuwa akipima muda huku akijua. Mama hakumkatiza. Alikuwa na namna ya kuwasikiliza watoto waovu, macho kwenye sakafu, na fundi mwenye mvi alijikuta amesimama wima mbele yake, mikono nyuma.

Karani aliporudi hakuingia. Waliona kivuli chake kikitua kizingitini, wakasikia anavua viatu, kisha anakaa. Fundi alipiga hatua kuelekea mlangoni.

"Wewe kaa," alisema mama.

Akajiinua kwa kushika meza, akapita mbele ya mwanawe bila kumgusa, akatoka. Fundi alimsikia akijishusha kwa shida karibu na mkwewe.  Halafu aliisikia sauti ya mama yake, ile ya darasani iliyokuwa haijui kuomba, ikiomba msamaha kwa kila jina alilolisoma.